Teofista Abrasaldo na Hesabu ya Chupa za Kalumbay

Ijumaa hii, tarehe 28 Februari 2025, saa kumi na moja kamili, Bi. Teofista Abrasaldo atafunga droo ya meza yake katika Ofisi ya Mazingira ya Visiwa vya Kalumbay na kwenda nyumbani akiwa mstaafu. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na mitatu kasoro siku moja. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilisema miaka thelathini na mitatu kamili. Yeye mwenyewe aliirudisha ikiwa na duara la kalamu nyekundu, akasema siku ambayo hajaifanyia kazi asiandikiwe.

Hapa ofisini hakuna anayemwita Bi. Teofista. Kwetu ni Manang Fista, dada mkubwa, na hata wakuu wanne waliopita juu yake walimwita hivyo hivyo, wawili kati yao wakiwa wamemzidi umri.

Alizaliwa Lambuyog, upande wa mashariki wa kisiwa kikubwa, mtoto wa tano kati ya wanane. Mama yake alisuka puso, vifuko vya makuti machanga vya kuchemshia wali, na kuuza gatini kwa abiria wa meli. Manang Fista hupenda kusema kwamba alikuwa kwenye biashara ya vifungashio kabla hajajua kusoma. Puso alizosuka yeye zilikuwa zikifumuka chunguni, na ndiyo sababu mama yake akaona afadhali apelekwe shule.

Tarehe 2 Machi 1992 aliajiriwa kuwa mkaguzi wa mizani sokoni. Kazi ilikuwa kupita kila asubuhi na mawe yake ya shaba kuangalia nani anapunja wateja. Wauza samaki walimwogopa kuliko walivyomwogopa polisi, maana polisi angeweza kuombwa, lakini jiwe la kilo moja haliombeki. Sheria mpya ya taka ilipopita na ofisi yetu kuanzishwa, mwaka 2001, walitafuta mtu wa kupima taka za majumbani, na soko zima likampendekeza kwa furaha ambayo hadi leo ana mashaka nayo.

Basi akawa mpimaji wa taka. Alizunguka visiwa vyote vitatu na mizani ya kuning'iniza, akifungua mifuko ya watu na kutenganisha: maganda huku, karatasi kule, plastiki pale. Alijua nani kwenye mtaa anakula tambi za pakiti kila siku huku akiwaambia majirani anakula samaki. Hakuwahi kumtaja mtu. Siri za jalala, alisema, zinafanana na siri za hospitali.

Baada ya kimbunga kikubwa cha mwaka 2013, chakula cha msaada kilitushukia kutoka kila upande. Kilituokoa, hakuna anayebisha. Kilipokwisha kuliwa, vikabaki vifungashio: chupa za maji, pakiti za tambi, makopo, maboksi meupe yanayovunjika kama biskuti. Vilijaza uwanja wa mpira wa Lambuyog hadi kwenye mlingoti wa goli. Manang Fista, ambaye nyumba yake mwenyewe ilikuwa na turubai badala ya paa, alikuja na mizani akaanza kupima. Mtu akamuuliza anapima ya nini wakati huu. Alijibu kwamba wali umeliwa na haupimiki tena, ila hivi vitu vilikuja kwa meli, vilitengenezwa mahali kwa moto, na hakuna aliyewahi kuandika ni vingapi.

Miaka mitatu baadaye mkoa ulituagiza tuorodheshe gesi joto za visiwa vyetu, ile hewa ukaa na ndugu zake wanaolipasha joto anga. Akaja mhadhiri kutoka mji wa Cebu kutufundisha kwa wiki mbili. Manang Fista alikuwa na miaka hamsini na sita, mkubwa kuliko wanafunzi wote na kuliko mwalimu. Wengine tuligombania umeme, magari na mashamba ya mpunga. Yeye alichagua vifungashio vya chakula, na hakuna aliyegombana naye.

Hapo ndipo ofisi yetu ilipopata sura inayojulikana sasa. Nyuma ya jengo alifunga kamba ya nguo, akawa anaosha pakiti za sampuli na kuzianika kwa vibanio, kwa sababu mchuzi uliobaki ndani unaharibu uzito. Mwezi Mei 2017 mbuzi wa jirani yetu, Nong Iking, alikata kamba yake akala sampuli za wiki tatu. Sisi tulishauri wiki hizo zikadiriwe. Yeye akaandika kwenye ripoti rasmi, ukurasa wa kumi na nne, kwamba takwimu za wiki hizo zimeliwa na mbuzi. Mkoa ulipiga simu kuuliza kama ni kosa la uchapaji. Ripoti ilipita vilevile.

Kwenye mkutano wa tabianchi uliofanyika ukumbini kwetu, alikusanya maboksi arobaini na mawili ya chakula cha mchana cha wajumbe, akayapima mbele yao, akatangaza hesabu kabla kahawa haijaletwa. Gavana alicheka hadi akavua miwani. Mkutano uliofuata tulikula kwenye sahani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengine walinishauri nilipite kimya siku kama ya leo. Nilimuuliza mwenyewe. Alisema nisipoliandika, hatahudhuria sherehe ya kumuaga.

Mwaka 2018 Manang Fista aliongoza kampeni ya kuondoa makopo ya plastiki kwenye vyakula vinavyotengenezwa visiwani. Waliomwitikia wa kwanza walikuwa wanawake wa ushirika wa Lambuyog, ambao hutengeneza ginamos, uduvi uliochachushwa kwa chumvi. Mwenyekiti wao ni Obdulia Tampus. Obdulia ni mama wa ubatizo wa binti pekee wa Manang Fista, na kwa hiyo wao wawili huitana Mare, kama waitanavyo watu waliounganishwa na mtoto mbele ya kasisi. Walisoma darasa moja. Walipoteza mapaa yao kwa upepo uleule.

Obdulia aliwashawishi wenzake ishirini na saba. Waliitoa kwa wengine mashine yao ya kubana vifuniko vya makopo, wakajenga jiko la kuchemshia chupa, wakajifunza upya kila kitu. Ginamos ya Lambuyog ikawa kwenye chupa za kioo zilizotoka kiwandani mbali, kwa meli mbili. Zilipendeza. Mkoa ulimpa Manang Fista ngao ya mbao, na visiwa vya jirani vikaomba kuja Oktoba 2019 kuona na kuiga.

Julai ya mwaka huo alikaa kuandaa takwimu za wageni. Mpaka wakati ule alikuwa amehesabu alichokiona jalalani tu, ambako plastiki hulala miaka na kioo hakidhuru. Safari hii alihesabu safari nzima: mchanga ulioyeyushwa kwenye tanuru, mafuta ya meli, chupa zinazopasuka njiani, na ukweli kwamba visiwani hakuna mahali pa kuyeyusha kioo tena, kwa hiyo kila chupa ilitumika mara moja ikafukiwa. Kopo la plastiki lilikuwa na gramu ishirini na nane. Chupa ilikuwa na gramu mia mbili. Alipojumlisha, chupa ilikuwa imetoa gesi joto karibu mara mbili na nusu ya kopo.

Aliirudia hesabu siku tisa. Mimi nilikaa meza ya pili, na niliona jinsi alivyokuwa akifuta na kuanza upya. Alimtumia yule mhadhiri wa Cebu faili akimwomba amtafutie kosa. Mhadhiri alijibu kwamba kosa halipo.

Mkuu wetu wa wakati ule alikuwa mtu mwema, na alimshauri kama mtu mwema: asubiri wageni waje na kuondoka, kisha jambo lirekebishwe polepole, bila mtu kuaibika. Manang Fista alisema wageni wakiondoka watakwenda kuagiza chupa kwa visiwa vingine vitatu, na hapo kosa lake moja litakuwa makosa manne. Aliomba ruhusa ya kwenda Lambuyog kesho yake. Nilimsindikiza.

Wanawake walikuwa bandani, wanachambua uduvi. Alikataa kiti. Aliwaeleza akiwa amesimama, kwa maneno mepesi, bila karatasi.

"Mare, nilikosea," alimalizia akimtazama Obdulia. "Nilihesabu mwisho wa safari, sikuhesabu mwanzo. Mmefanya kazi ya mwaka mzima kwa hesabu yangu mbovu."

Mama mmoja nyuma, mwenye ulimi, alisema bila kuinua macho kwenye sinia lake, "Leo chupa ina dhambi. Kesho utatuambia hata jani la mgomba lina dhambi."

"Nikiligundua, nitakuja kuwaambia pia," Manang Fista alijibu.

Hakuna aliyecheka. Obdulia alifuta mikono kwenye aproni, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Mimi ndiye niliyewaambia hawa wakuamini," alisema. "Wewe una ofisi ya kurudi. Mimi narudi wapi? Nenda, Mare. Leo nenda tu."

 Manang Fista alipofika ofisini alipanda juu ya kiti, akaitoa ukutani ile ngao ya mbao, akaiweka kwenye droo ya chini. Oktoba wageni walipokuja aliwaonyesha hesabu yote, ya kwanza na ya pili, na hawakuagiza chupa. Baadhi yao walimpigia makofi. Nilimwona anatazama mlangoni, kule ambako mtu wa Lambuyog angeingilia kama angekuja.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizito. Obdulia alihama benchi kanisani. Binti wa Manang Fista alipojifungua mwezi Novemba, mama wa ubatizo alituma nguo za mtoto kwa mkono wa mtu mwingine. Ushirika uliendelea na chupa kwa sababu mashine ya makopo haikuwepo tena, na kila chupa iliyouzwa Manang Fista aliiona kama imeandikwa jina lake.

Hakukaa akijihurumia. Alihesabu tena, safari hii akiuliza swali jingine: chupa ikirudi je? Ikioshwa, ikachemshwa, ikajazwa tena? Alihesabu hata makumbi ya nazi yanayochomwa kuchemshia maji. Jibu lilikuwa kwamba kufikia mzunguko wa nne chupa inaliacha kopo nyuma kidogo, na kuanzia wa tano inaliacha mbali. Ili kila chupa ifike mizunguko mitano, kati ya mia zinazotoka, themanini lazima zirudi. Aliandika hayo kwenye ukurasa mmoja na kuupeleka Lambuyog. Aliuacha chini ya jiwe juu ya meza ya banda, maana hakuna aliyetoka kumpokea.

Obdulia alikuja ofisini Januari 2020. Sote tulijifanya tuna kazi nyingi. Alisimama mbele ya meza ya Manang Fista na ule ukurasa mkononi, umekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hadi umelegea kama kitambaa.

"Themanini ni nyingi," alisema.

"Ni nyingi," Manang Fista alikubali.

"Safari hii tutahesabu pamoja. Siletewi karatasi tena. Nataka nione namba inavyozaliwa."

"Basi kaa hapa, Mare."

Alikaa hadi saa ya chakula. Walikula puso na samaki mkavu juu ya faili za serikali, na hadi leo folda ya mwaka 2020 ina alama ya mafuta.

Walianza Februari. Katika mwezi wa kwanza zilirudi chupa arobaini na sita kwa mia. Zilizobaki watu walizipenda mno: wametilia siki, wamewekea misumari, wamepandia miche. Obdulia akaweka sheria yake sokoni kwamba mteja wa zamani hauziwi ginamos bila kuleta chupa tupu, naye aliisimamia kwa mdomo. "Chupa yako iko wapi, imeolewa?" alikuwa akiwauliza watu wazima mbele za watu, na kesho yake wanaileta. Siku moja wao wawili waliingia kanisani wakakuta chupa kumi na tisa za ushirika zimepangwa madhabahuni na maua ndani. Kasisi alisema zinamtukuza Mungu. Obdulia alimjibu kwa heshima zote kwamba Mungu ana vyombo vingi, ila yeye ana hizo tu. Walitoka nazo ndani ya kanga za maua, zikigongana, Manang Fista akiwa ameshika maua yote kifuani asijue ayaweke wapi.

Kisha ukaja Machi, na maradhi yakafunga bandari. Kwa miezi mitano meli ya mizigo ilikuja mara chache, na ilipokuja ilibeba mchele na dawa. Chupa mpya hazikuja hata moja. Makopo nayo hayakuja. Viwanda vidogo vya chakula karibu vyote visiwani vilisimama kwa kukosa cha kufungia. Lambuyog hawakusimama. Walikuwa na jiko la kuchemshia, walikuwa na mikono iliyojua kuosha, na walikuwa na watu walioanza kuzoea kurudisha chupa. Wanawake ishirini na wanane waliendelea kupata riziki, na Wakalumbay tukaendelea kupata ginamos, wakati samaki wenyewe walikuwa adimu kwa sababu mashua zilizuiwa; uduvi huvuliwa kwa nyavu za mkono ufukweni.

Kila Alhamisi Manang Fista alitembea kilomita sita na barakoa usoni kwenda kupima joto la maji na uzito wa makumbi. Hakuwa na ulazima. Sisi wengine tulikuwa tunafanyia kazi nyumbani. Siku moja Agosti alikuta benchi limewekwa pembeni ya pipa la kuoshea na aproni imetandikwa juu yake. Hakuna aliyesema ni ya nani. Aliivaa. Yule mama mwenye ulimi alimsogezea brashi.

Mwaka 2021 ulipokwisha, chupa zilizorudi zilikuwa themanini na tatu kwa mia. Sasa ni themanini na nane. Visiwa viwili kati ya vile vitatu vya jirani vimejenga mabanda ya kuoshea kama la Lambuyog, na fundi wao wa mafunzo ni Obdulia. Ginamos inayosafirishwa mbali, ambako chupa haiwezi kurudi, Manang Fista aliwashauri waiweke kwenye plastiki nyepesi, akatetea shauri hilo mbele ya baraza lililotaka kusikia kwamba plastiki yote ni haramu. Aliwauliza kama wamewahi kuhesabu gesi ya chakula kinachooza kwa kukosa kifungashio kizuri. Hawakuwa wamehesabu. Yeye alikuwa na hesabu hiyo mkobani.

Katika ripoti yake ya mwisho, aliyoiwasilisha wiki iliyopita, gesi joto za vifungashio vya chakula visiwani mwetu zimepungua kwa asilimia kumi na moja ndani ya miaka sita. Ripoti hiyohiyo inasema pakiti ndogo za tambi, kahawa na mchuzi zimeongezeka, na kwamba upande huo hakufanikiwa. Nilimshauri aandike "bado tunaendelea". Alikataa, kwa kuwa yeye haendelei. Sisi ndio tutakaoendelea. Sentensi ikabaki ilivyo, na kuanzia Jumatatu iko juu ya meza zetu.

Ametufundisha sote tunaokaa chumba hiki. Alitufundisha kuandika tarehe, kuandika nani alipima, na kutochukua namba ya kukadiria wakati namba ya kweli iko umbali wa kutembea. Alinifundisha mimi binafsi, siku ile bandani, kwamba mtu anaweza kusimama mbele ya watu aliowakosesha, akasema, na asife.

Watu wanauliza atafanya nini sasa. Ana mjukuu wa miaka mitano anayemngoja, na ana bustani ya tangawizi. Lakini juzi alituambia jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelijua: miaka sitini na mitano ameishi akizungukwa na bahari, amevuka visiwa hivi mamia ya mara na mizani mapajani, na hajui kuogelea. Kila safari, alisema, alikuwa anaogopa kimyakimya. Ameamua kujifunza. Somo la kwanza ni Jumatatu asubuhi pale Lambuyog, mahali ambapo maji yanafika kifuani, na atakayemshika mkono ni Obdulia.

Manang Fista, asante kwa kazi, kwa ukweli, na kwa kila Alhamisi. Nenda salama nyumbani. Maji yakupokee vizuri, mwili ukutii, na siku zako ziwe nyingi na nyepesi.

Ludivina Sarmago
kwa niaba ya wafanyakazi wote
Ofisi ya Mazingira, Visiwa vya Kalumbay